Kutangaza Peke Yake Hakutoshi

Wahenga walisema, "La mgambo likilia kuna jambo." Zamani baragumu ikilia kijijini, watu waliweka majembe chini wakaenda kusikiliza. Aliyetoa habari alikuwa mtu anayejulikana. Kama hukuelewa, ulimfuata nyumbani kwake ukamwuliza. Kama hakujua, alikwenda kwa mkubwa wake akakuletea jibu.

Siku hizi Serikali hutangaza kwa njia nyingi. Karatasi hubandikwa ubaoni. Redio husema. Gari lenye kipaza sauti hupita. Simu hulia mfukoni, kumbe ni ujumbe kutoka ofisi fulani. Njia za kutangaza zimeongezeka sana. Lakini mtu wa kumwuliza amekuwa haba.

Maoni yangu ni haya: Serikali haijamaliza kusema na wananchi mpaka wananchi wameuliza na wamejibiwa. Nitaeleza kwa nini.

BIBI ALIYESOMA TANGAZO

Mimi ni Afisa wa Elimu ya Watu Wazima. Elimu yangu si kubwa, nina cheti tu. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya kisomo.

Kabla ya kuja Zuzu nilifundisha katika kijiji kingine. Darasani kwetu palikuwa na bibi mmoja aliyepita miaka sitini. Alikuwa na shamba dogo la zabibu na mtama. Alianza kisomo akiwa hajui hata kuandika jina lake. Mwaka wa pili alikuwa anasoma barua za wajukuu wake mwenyewe, bila kumwomba mtu.

Siku moja karatasi ilibandikwa penye ubao wa matangazo. Ilitoka katika ofisi moja, ambayo sitaitaja. Bibi alisimama mbele ya ubao akaisoma yote, neno kwa neno. Iliandikwa hivi:

"Wananchi wa maeneo husika mnataarifiwa kuwasilisha vielelezo vya umiliki kwa ajili ya uhakiki kabla ya zoezi la upimaji. Kutotekeleza kutapelekea mhusika kutotambuliwa."

Jioni alikuja darasani akaniambia, "Mwalimu, nimesoma yote. Sasa niambie, wanataka nifanye nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Niliyajua maneno yale. Nilijua kuwa vielelezo ni karatasi au vitu vya kuthibitisha kuwa shamba ni lako. Lakini ni karatasi zipi? Bibi alirithi shamba kwa mumewe, na mumewe alilirithi kwa baba yake. Hakuna aliyempa mwenzake karatasi. Je, mashahidi wanatosha? Apeleke wapi? Siku gani? Kwa nani? Karatasi haikusema. Haikuwa na jina la mtu wala namba ya simu.

Bibi hakwenda, kwa kuwa hakujua pa kwenda. Wapimaji walikuja siku ambayo yeye alikuwa kwa binti yake. Shamba lake likaandikwa jina la jirani, aliyekuwa amesimama pale mpakani. Jirani hakuwa mwizi. Aliulizwa jina lake, akalitaja.

Ilitubidi tuandike barua. Darasa zima liliiandika pamoja, sentensi moja baada ya nyingine. Tuliipeleka, tukangoja, tukaenda tena. Mwisho kosa lilisahihishwa, lakini msimu mzima wa kilimo ulikuwa umepita. Msimu ule bibi hakupanda chochote, kwa kuogopa kupanda shamba ambalo kwa karatasi si lake.

Watu wengine walisema, "Tatizo ni ujinga wa kutojua kusoma." Hapana. Bibi alijua kusoma, na alisoma vizuri. Aliyeshindwa kuandika ni ile ofisi.

NA MIMI NIMEKOSA

Yafaa niseme na kosa langu. Mwaka mmoja niliandika tangazo kwa mkono wangu: "Wanakisomo wote wahudhurie tathmini siku ya Alhamisi." Nilikuwa na maana ya mtihani mdogo wa kusoma na kuhesabu. Lakini huku kwetu watu wamezoea kusikia neno tathmini wakati nyumba na mashamba yanapokadiriwa thamani ili walipwe fidia. Alhamisi ilipofika, baadhi ya wanakisomo walikuja na karatasi za mashamba. Mzee mmoja alikuja na hesabu ya miti yake ya maembe. Wengine hawakuja kabisa, maana waliogopa kuwa wanahamishwa.

Walicheka nilipowaeleza, na mimi nilicheka. Lakini usiku nilifikiri sana. Neno moja tu, nililolichagua kwa kuwa ni neno la ofisini, liliwapa watu hofu ya siku tatu. Tangu siku hiyo, kabla sijabandika tangazo, humpa mwanakisomo mmoja alisome kwanza. Kisha humwuliza, "Umeambiwa ufanye nini?" Akishindwa kujibu, naandika upya.

MWAKA 1973 UNATUFUNDISHA NINI?

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Tumewahi kulifanya vizuri, na tumewahi kulifanya vibaya. Tena tuliyafanya yote mawili katika mwaka mmoja, mwaka 1973.

Tuanze na lililofanywa vizuri. Mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na Wizara ya Afya na wengine, ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi vijijini. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Kila wiki, kwa muda wa wiki 12, walisikiliza kipindi cha Redio Tanzania. Kisha walisoma kitabu pamoja. Kisha walijadiliana: hapa kwetu malaria inatoka wapi? Kichocho je? Safura? Kuhara? Mwisho walikata shauri wenyewe: wiki hii tutachimba vyoo, au tutafyeka majani karibu na nyumba, au tutafukia madimbwi.

Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Vyoo vingi sana vilichimbwa. Watu walichimba kwa sababu walikuwa wameelewa, na walikuwa wameelewa kwa sababu walipata nafasi ya kuuliza na kubishana. Redio ilisema, lakini haikuachwa iseme peke yake.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, ilitangazwa kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Hapa Dodoma tulikuwa tumetangulia, maana Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1971. Wazee wa Ugogo wanaikumbuka.

Nia haikuwa mbaya. Si rahisi kupeleka shule, zahanati na maji kwa watu wanaoishi mbalimbali. Vijiji vingi vilipata shule kwa sababu ya kukaa pamoja. Lakini mahali pengi nchini watu waliambiwa tu, hawakuulizwa. Wengine walihamishwa wakati wa kulima. Wengine nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa. Vijiji vingine viliwekwa mahali ambapo maji au udongo haukufaa. Na wenyeji walijua haufai! Mkulima na mfugaji aliyeishi pale tangu utoto alijua kisima kipi hukauka mwezi wa Septemba. Kama angeulizwa, angesema.

Jambo la kusikitisha ni kuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwisha kulionya. Mwaka 1968, katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo, alieleza kuwa watu hawawezi kuendelezwa kwa kulazimishwa, bali hujiendeleza wenyewe kwa kuelewa na kushiriki. Onyo lilikuwapo. Haraka ilikuwa kubwa kuliko onyo.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Serikali ilikuwa ileile, nchi ileile, mwaka uleule. Palipokuwa na mazungumzo, watu walifanya kazi kwa hiari. Palipokuwa na amri tupu, watu walihama, lakini baadaye wengine walirudi walikotoka.

ZUZU YA LEO

Kwa nini nasema habari hizi sasa? Kwa sababu mji unakuja.

Mwaka huohuo wa 1973 iliamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi waliijua kwa herufi tatu, CDA. Kwa miaka zaidi ya 40 mambo ya viwanja mjini Dodoma yalikuwa mikononi mwake. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuwa sasa inahamia Dodoma kweli. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikahamishiwa Manispaa. Mwaka 2018 Manispaa ikawa Jiji, na Zuzu leo ni kata ya Jiji hilo.

Msomaji atazame mabadiliko hayo. Mtu mwenye karatasi ya zamani anajua aipeleke ofisi gani? Mtoto wa marehemu je? Mkulima wa mtama aliyelala akiwa kijijini akaamka akiwa jijini, ameelezwa nini kimebadilika? Barabara, nguzo za umeme, mabomba ya maji na upimaji wa viwanja ni mambo mema. Lakini kila moja linagusa shamba la mtu. Na shamba ndilo chakula cha mwaka, ndiyo ada ya shule, ndiyo kaburi la wazazi.

Mahali ambapo watu hawaelezwi, uvumi huchukua nafasi. Mmoja husema, "Tutafukuzwa wote." Mwingine husema, "Uza haraka kabla hawajaja." Mjanja kutoka mbali hununua kwa bei ya kutupa. Baada ya miezi michache ukweli hujulikana, lakini shamba limekwisha kwenda. Uvumi huo hauletwi na wabaya peke yao. Hukua vizuri mahali ambapo ofisi imenyamaza.

NI HAKI, SI HISANI

Wako wananchi wanaodhani kuwa kuuliza ni ukorofi. Wako na viongozi wachache wanaodhani hivyo. Wote wanakosea.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977 inasema katika Ibara ya 8 kuwa wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kuwa Serikali itawajibika kwao. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Ibara ya 21 inampa mwananchi haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Na sheria za serikali za mitaa zinataka mkutano wa wakazi wote wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi.

Iko habari nyingine njema. Kwa miaka mingi sheria zetu nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima alihukumiwa kwa sheria ambayo hakuweza kuisoma hata kama alikuwa msomaji hodari. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini Kiswahili nacho kina vichaka vyake. Lile tangazo la bibi halikuwa na neno hata moja la Kiingereza, na bado halikueleweka.

OFISI ZIFANYE NINI?

Nasikia wenzangu wa ofisini wakisema, "Hatuna muda. Hatuna mafuta ya gari. Tena tukiitisha mkutano, watu hawaji." Kuhusu mafuta, ni kweli. Lakini kuandika vizuri hakuhitaji mafuta. Tangazo la bibi lingeweza kuandikwa hivi:

"Jumanne tarehe 14 wapimaji watapima mashamba yaliyo kati ya barabara na mto. Kila mwenye shamba awepo shambani kwake saa 3 asubuhi. Kama una karatasi ya shamba, njoo nayo. Kama huna, njoo na majirani wawili wanaojua mpaka wako. Kama huwezi kuja, mwambie Mwenyekiti kabla ya Jumapili. Mwenye swali amwone Afisa Mtendaji, Jumatatu na Alhamisi asubuhi."

Tangazo hilo ni refu kuliko la kwanza. Lakini bibi angeshika njia akaenda shambani. Tangazo jema hujibu mambo matano: ni jambo gani, linamhusu nani, lini na wapi, mtu afanye nini, na mwenye swali amwone nani. Lile la tano ndilo husahauliwa, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Kuhusu watu kutokuja mkutanoni, tujiulize sababu. Mtu akienda mkutanoni mara tatu akasikiliza hotuba ya saa mbili, kisha akaambiwa, "Muda umekwisha, maswali mkutano ujao," mara ya nne atakwenda kulisha ng'ombe wake. Hana makosa. Basi mkutano uanze na majibu ya maswali ya mkutano uliopita. Yasomwe moja moja: uliulizwa hivi, jibu ni hili. Kama jibu bado halijapatikana, isemwe hivyo bila aibu. Wananchi wanaweza kumvumilia kiongozi anayesema, "Bado natafuta jibu." Ni vigumu kumvumilia anayekaa kimya.

NA SISI TUFANYE NINI?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wananchi nao wana kazi yao, hasa sisi tuliojifunza kusoma.

Kwanza, usipite ubao wa matangazo bila kusoma. Kuna mambo ambayo yapaswa kuwapo pale, kama mapato na matumizi. Kama hayapo, uliza kwa nini.

Pili, usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Sema, "Naomba niende nayo nyumbani nikaisome," au, "Nisomee polepole mbele ya mwenzangu." Mtu mwema atakubali. Anayekuharakisha, mwogope.

Tatu, swali likiwa kubwa, liandike. Swali la mdomo hupeperuka kama makapi ya uwele. Barua hubaki. Andika tarehe, andika jina lako, eleza jambo moja tu, ulizia jibu. Andika nakala mbili. Moja wape ofisi, nyingine waombe waipige mhuri wa kupokea, kisha uitunze. Barua ya darasa letu ilimsaidia bibi kwa sababu tulikuwa na nakala yenye mhuri. Tuliporudi ofisini, hakuna aliyeweza kusema haikufika.

Nne, ulizeni kwa umoja na kwa heshima. Mtu mmoja akiuliza, huenda akaitwa mkorofi. Watu 30 wakiuliza swali moja, hilo ni swali la kijiji.

Tano, tukijibiwa, tutekeleze. Haifai kudai mkutano, kisha siku ya mkutano tukabaki kilabuni. Wala haifai kuelezwa sababu ya kuchimba choo, tukakubali, tukarudi nyumbani tukalala.

MWISHO

Mwaka 1967 karibu watu wazima saba katika kila kumi nchini hawakujua kusoma na kuandika. Taifa lilifanya kazi kubwa kuwafundisha. Lakini walifundishwa kusoma ili wasome nini? Ikiwa ni kwa ajili ya kusoma amri tu, baragumu ingetosha. Kalamu tulipewa ili na sisi tuandike.

Yule bibi, baada ya shamba lake kurudi, alisema neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Mwalimu, zamani nilifikiri barua za Serikali huja tu, kama mvua. Sikujua kuwa na mimi naweza kuituma."

Ndugu msomaji, nawe unaweza. Na ofisi itakayopokea barua yako, ijibu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Nendeni pamoja kwenye ubao wa matangazo. Chagueni tangazo moja. Je, linajibu yale mambo matano?

2. Liandikeni upya tangazo hilo kwa maneno ambayo kila mtu nyumbani kwako ataelewa.

3. Waulizeni wazee: walihamaje wakati wa vijiji? Waliulizwa nini kabla ya kuhama?

4. Ni swali gani moja ambalo watu wa hapa wangependa kujibiwa na Serikali? Liandikeni kwa barua fupi. Je, mtaipeleka lini, na nani ataipeleka?